Nywele za Urefu wa Njiti

Mabomba ya mji mzima yalikuwa yakikohoa hewa tupu, lakini bosi wa ofisi ya maji akaona tatizo liko kwenye nywele za wafanyakazi.

Alikuwa bosi mpya, mwenye viatu vinavyolia kabla mwenyewe hajafika, na simu isiyobanduka sikioni. Ijumaa mchana aliwakusanya watu wote ukumbini akawaambia kuwa wateja wana hasira kwa sababu ya mwonekano. Si kwa sababu ya maji, la. Mwonekano. Kwa hiyo kila anayekaa mbele ya wateja awe na nywele za urefu unaopendeza sura yake, na Jumatatu atapita mwenyewe kukagua.

"Atakayebaki na kichaka kichwani," alisema, "ataenda kwenye pampu."

Watu wakageuka wote kwa pamoja kumtazama Mzee Foleni.

Mzee Foleni ndiye aliyekaa mlangoni akigawa vibao vya namba ili watu wajipange. Kazi yenyewe hata msumari ungeiweza: ungevitundika vibao, kila mtu akachukua chake akaenda kukaa. Ila msumari hauongei. Mzee Foleni aliongea. Ukija kulalamika kwamba bili imepanda, kabla hujafika dirishani yeye alikuwa ameshakulalamikia juu ya bei ya sabuni, barabara iliyochimbwa ikaachwa, wakubwa wanaozunguka na magari ya madirisha meusi ili wasituone, na jua la siku hizi ambalo, kwa maoni yake, nalo halisimamiwi vizuri. Watu wengine walifika dirishani wamesahau shida iliyowaleta.

Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nyumbani ilibaki redio, na redio ni kiumbe mwenye kiburi, huongea yeye tu wala hakupi nafasi ya kujibu. Basi mlango ule ndio uliokuwa baraza yake, ndipo alipopatia watu. Kwenye pampu ni chumba cha chini, nyuma ya jengo, ambako mashine hunguruma kutwa hata ukipiga kelele husikii sauti yako mwenyewe. Mtu mwingine angepelekwa huko angepata joto tu. Mzee Foleni angekufa kwa ukimya.

Nazo nywele, ukweli usemwe, zilikuwa zimevuka mpaka. Tangu mazishi hazijaonja mkasi. Mara moja tu alijikokota hadi kwa kinyozi, akakaa, akafungwa kitambaa shingoni. Kinyozi akashika mashine yake akauliza, "Namba ngapi, mzee?"

"Namba natoa mimi!" alifoka Mzee Foleni, akaondoka na kitambaa cha watu shingoni.

Sasa Ijumaa ile bosi alikuwa ameleta mtaalamu wa mwonekano, kijana mmoja ananukia kama duka zima la sabuni, ili amsaidie kila mfanyakazi kujua urefu unaomfaa. Alikuwa na bango lenye picha za sura: sura ya duara, sura ya yai, ya mraba, ya moyo. Mwenye sura ya duara aache nywele ziinuke juu, ili uso urefuke. Mwenye uso mrefu aache zijae pembeni, ili uso utanuke. Ilipofika zamu ya Mzee Foleni, kijana alimwekea rula usoni, akaiinua, akaishusha, akaikagua rula yenyewe kama haijavunjika.

"Mzee, wewe juu ni moyo," alisema. "Katikati ni mraba. Chini huku kwenye kidevu ni yai. Halafu masikio..." Akaishusha rula. "Masikio tutayarudia."

"Uyarudie uende wapi? Yako hapohapo siku zote."

"Wewe unahitaji urefu wa wastani, mzee wangu."

"Wastani ndio kiasi gani?"

"Wastani unategemea sura."

"Na sura yangu je?"

"Sura yako inahitaji wastani."

Mzee Foleni akamtazama kwa huruma. Akajisemea moyoni kuwa huyu naye atakuwa mkubwa siku moja. Dalili zote anazo.

*

Jumapili shemeji yake alikuja, kama kawaida, kumletea chakula na kumtukana. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, fundi cherehani, mwanamke wa maneno makali na mkasi mkali zaidi. Alimkuta shemejiye amekaa mbele ya kioo cha ukutani, amezishika nywele kwa mikono miwili kama mtu anayezuia paa lisiezuliwe na upepo.

"Shemeji, umepigwa na umeme?"

"Nachagua urefu."

"Urefu wa nini? Wa kamba?"

Akamsimulia yote: bosi, kijana wa rula, moyo, mraba, yai, pampu. Shemeji alisikiliza huku ameubana mdomo kuzuia kicheko. Mwishowe kikamponyoka, akacheka hadi akaegemea kabati.

"Cheka," alisema Mzee Foleni. "Nikiwa kule chini naongea na mapampu utakuja kucheka vizuri."

Shemeji akafuta machozi. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Kwani dada alikuwa anakukata kiasi gani? Maana enzi zake ulikuwa unatazamika. Si sana, lakini mtu angeweza kula huku anakuona."

"Ningejua ningekuwa hapa? Mimi nilikuwa nainamisha kichwa, yeye anakata, nami naongea."

"Hilo la kuongea nalikumbuka." Shemeji akakuna shavu. "Ngoja. Si alikuwa anatumia njiti?"

Mzee Foleni akageuka polepole. Ni kweli. Njiti ya kiberiti. Mkewe alikuwa akiichomeka wima ndani ya nywele hadi iguse ngozi, kisha anakata sawasawa na kile kichwa chekundu cha njiti. Anaichomoa, anaihamisha kidogo, anakata tena. Kichwa kizima kikatoka na urefu mmoja, urefu wa njiti, na urefu huo ndio uliozipatanisha zile sura tatu zikakaa kwenye uso mmoja bila kugombana. Alikuwa na kawaida ya kumwambia, "Nyamaza kidogo, utaimeza njiti." Mzee Foleni alikuwa amelisahau neno hilo kabisa.

"Kiberiti kiko jikoni," alisema. "Kata. Kata kama dada yako."

Shemeji akamfunga shuka shingoni, akachomeka njiti upande wa kushoto, akaanza. Mkasi wa kukatia suti ukapita kwenye kichaka kile kama trekta. Nywele zikaanguka mafungu mafungu sakafuni. Mzee Foleni naye, kwa kuwa kuna mtu nyuma yake na mkasi unalia, akajikuta anaongea bila kituo kama zamani: mara mkuu wa soko, mara waliopandisha nauli, mara yule aliyeahidi taa za barabarani akaleta nguzo tupu.

Upande wa kushoto ulipokwisha, shemeji akaacha kukata. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kutazama.

"Vipi?"

"Shemeji, sikio limetoka."

"Limetoka damu?"

"Limetoka lote. Liko nje. Nalitazama, nalo linanitazama."

Mzee Foleni aliruka hadi kwenye kioo. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa bado msitu. Upande wa pili ulikuwa uwanja, na katikati ya uwanja limesimama sikio ambalo hata yeye alikuwa hajawahi kukutana nalo ana kwa ana. Lilikuwa kubwa na limefunguka kama mlango wa stoo.

"Hii si njiti ya mke wangu," alisema.

"Njiti ni njiti, shemeji."

"Nipe hicho kiberiti."

Akakitikisa. Njiti zikakimbia ndani, zikagonga huku, zikagonga kule. Akakifungua. Kisanduku kilikuwa kilekile cha siku zote, na picha ileile juu, lakini njiti zilikuwa zimelala upande mmoja zimeacha nafasi ya bure, kama watu wachache kwenye kitanda kikubwa. Zamani zilijaa kisanduku mwanzo hadi mwisho. Ukikifungua zinakukodolea macho.

"Wamezifupisha!" Mzee Foleni alipaza sauti hadi jirani akazima redio ili asikie vizuri. "Mke wangu amelala kaburini, na wao huku nyuma wamekaa kimya kimya wakafupisha njiti! Nani alikuwa anasimamia? Bei wamepandisha, njiti wameshusha! Na sasa wamefika kwenye masikio yangu!"

"Sawa, wamefupisha. Rudi ukae nimalizie upande wa pili."

"Hukati hata unywele mmoja."

"Utaenda kazini nusu kichwa?"

"Mpaka waliofupisha waje wajieleze."

"Waje hapa? Sebuleni?"

"Waje."

"Haya tupime basi kwa kisanduku, si kipo vilevile?"

"Kisanduku si njiti! Dada yako alinikata mimi kwa kisanduku?"

Shemeji akamtazama hivi, akamtazama hivi, upande wa msitu na upande wa uwanja, akaufunga mkasi wake kwenye kitambaa. "Shemeji, mimi nina magauni ya watu. Ukimaliza kikao na serikali uniite." Akaenda zake, akicheka hadi nje barabarani.

Jioni hasira zikapoa, na hofu ikaja kukaa mahali pake. Aliutazama mkasi wake mdogo wa kukatia kucha, akauonea huruma. Kwenda kwa shemeji kuomba msamaha asingeweza. Alikuwa mtu ambaye akishasema neno hulilinda kama amana ya mtu mwingine. Ndipo akapata wazo. Alisimama mbele ya kioo, akapima kwa makini ni upande upi wa kichwa utakaotazama nje na upi utakaotazama ndani akikaa mlangoni kiubavu. Akaridhika. Bosi akiingia ataona upande uliokatwa. Upande wa msitu utatazama korido, na hilo la korido atalitafutia dawa baadaye.

Wazo lilikuwa zuri. Kasoro yake moja tu ni kwamba alilipimia kwenye kioo, na kioo kina kulia kwake na kushoto kwake.

*

Jumatatu asubuhi Mzee Foleni alikiweka kiti chake kiubavu pale mlangoni, kikiitazama nguzo ya zege karibu kabisa, hata pua ilikosa kidogo tu kuigusa. Mtu hakuweza kupita mbele yake amtazame usoni. Alikuwa amenyoosha mkono mmoja wenye vibao, na macho ameyatuliza kwenye nguzo kama anayesoma tangazo.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye ndoo tupu, aliyeileta ndoo yenyewe kama ushahidi.

"He, mzee! Na leo umekuja na mti kichwani?"

Mzee Foleni akavihamishia vibao mkono wa pili. Akapeleka mkono kichwani upande wa nje. Msitu. Akainuka nusu ili ageuze kiti, na viatu vya bosi vikaanza kulia kwenye ngazi. Akakaa tena, akawa jiwe.

Bosi akapita, simu sikioni, katibu muhtasi nyuma yake amebeba mkoba, chupa ya chai na koti. "Subiri," alisema bosi kwenye simu, kisha akauambia ule upande wa msitu, "Wewe kichaka! Nilisema nini Ijumaa? Pampu!" Akaendelea kutembea na kuongea na simu. Hakuwa amepunguza hata mwendo.

Ndiyo basi, alijisemea Mzee Foleni. Wamenimaliza. Asubuhi nzima aligawa vibao bila kusema neno, na watu wakaingia ndani wamechanganyikiwa kwa kuwa walikuwa bado wanakumbuka shida zao.

Baadaye yule mama mwenye ndoo akatoka. Sasa alikuwa anatokea ndani, na upande aliouona ulikuwa mwingine.

"Shikamoo baba," alisema kwa adabu. "Yule mwenzio mwenye mti ameenda wapi?"

Mzee Foleni akaikazia macho nguzo. "Ameenda kunywa chai," alisema.

"Afadhali. Wewe unaonekana mtu wa kusikiliza. Yule siku zote anaongea, anaongea, hata pumzi havuti."

Hilo lilimchoma Mzee Foleni kifuani. Angemjibu, lakini nyuma ya mama alikuwepo fundi bomba naye anatoka, akasema, "Mpya wewe? Karibu." Na mwanafunzi mmoja akamwambia, "Mwambie yule mwenzako wa kule nje atupe pole kwa kusubiri, leo amenuna." Kila aliyeingia alimtambua, na kila aliyetoka akamkaribisha kazini.

Saa ya chakula viatu vikalia tena, safari hii vikitoka ndani. Vikasimama. Halafu likatokea jambo ambalo halikuwahi kuonekana ofisini pale: bosi aliitoa simu sikioni.

"Huyu je?" alimuuliza katibu. "Huyu ni nani?"

Katibu muhtasi akachungulia kushoto. Akanyoosha shingo akachungulia na kulia. Uso wake haukubadilika hata kidogo. "Huyu, bosi, ni wa mlangoni."

"Huyu ndiye mfano! Tazama urefu ule wa nywele. Tazama masikio! Mteja akiyaona masikio kama yale anajua amefika mahali pa kusikilizwa. Mimi hivi ndivyo nilivyokuwa nataka." Akatikisa kichwa kwa furaha, kisha paji likakunjamana. "Lakini hebu. Asubuhi hapa nilimwona mwingine, kichaka."

"Ndiyo, bosi. Ulimwona."

"Watu wawili mlango mmoja? Ndiyo maana mabomba hayana maji, hela zote zinaishia kwenye mishahara! Nani aliwaweka wawili?"

"Umewakuta, bosi."

"Yule kichaka aende kwenye pampu leo hii. Huyu wa masikio abaki."

Angenyamaza ingekuwa imekwisha. Lakini Mzee Foleni alikuwa amenyamaza tangu asubuhi, na mtu ana mpaka wake. Aliiambia nguzo, kwa kuwa hakuthubutu kugeuka, "Lakini bosi, mwenzangu yule ni mtu mzima. Amefiwa na mke. Akienda kule chini hana wa kuongea naye."

"Usimtetee," alisema bosi. "Kila mtu na kazi yake. Halafu nilivyosikia anaongea sana." Akairudisha simu sikioni, viatu vikaenda vikilia.

Katibu alibaki nyuma kidogo. Aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

"Mzee," alinong'ona, "nenda ukamalizie upande wa pili kabla hajarudi kutoka kula."

"Kwa hiyo umeona?"

"Mimi hapa nimeajiriwa nisione," alisema katibu, akamkimbilia bosi na lile koti.

*

Shemeji alikuwa na gauni la bibi harusi kwenye cherehani alipomwona anaingia anahema, amefunika kichwa kwa kibao cha namba.

"Kikao kimekwisha?" aliuliza. "Waliofupisha njiti wamejieleza?"

"Kata."

"Kwa njiti ipi?"

"Hiyohiyo fupi. Kata, shemeji, usiniulize."

"Umewasamehe?"

"Siwasamehe mpaka naingia kaburini. Lakini wamenipa masikio, acha niyatumie."

Akakaa kwenye gunia la vipande vya vitambaa. Shemeji akachomeka njiti, mkasi ukaanza. Sikio la pili likatoka, kubwa kama mwenzake. Mzee Foleni alisimulia mwanzo hadi mwisho, na shemeji akacheka hadi akalazimika kuuweka mkasi chini. Kisha akamwambia, "Nyamaza kidogo, utaimeza njiti," na Mzee Foleni akainamisha kichwa, kama zamani kwa mkewe.

Bosi aliporudi, mlangoni alikuwepo mtu mmoja tu, masikio mawili, kiti kimekaa sawa kinatazama wateja. Akamwinulia kidole gumba bila kukatisha simu. Huku nyuma fundi wa pampu alikuwa amepanda juu anajifuta grisi, akamtafuta mtu aliyeahidiwa.

"Nimeambiwa naletewa mzee mmoja mwenye kichaka," alisema. "Yuko wapi?"

"Unawaamini wewe hao?" alisema Mzee Foleni. "Wakiahidi mtu wanaleta mtu?"

Fundi akakubali kuwa ni kweli, akarudi chini kwa mashine zake.

Kesho yake asubuhi foleni ilikuwa ndefu, maji yalikuwa bado hayajatoka popote. Mzee Foleni alikohoa, akajiweka sawa kitini, akaanza. Aliwaeleza watu habari za mwenzake, mzee wa watu, mfiwa, aliyetupwa kwenye pampu bila hata kuulizwa, eti kwa ajili ya nywele. Hadithi ilimtoka tamu kuliko zote alizowahi kuzitoa mlangoni pale. Watu wakaguna, wakatukana, mmoja akasema waandike barua, mwingine akasema barua wanafungia maandazi.

Yule mama mwenye ndoo alikuwa mbele kabisa. Alipangusa jicho kwa upindo wa khanga.

"Maskini yule baba," alisema. "Alikuwa na roho nzuri."

"Jana si ulisema anaongea mno?" aliuliza Mzee Foleni.

"Anaongea ndiyo, lakini alikuwa anaongea ukweli. Ukimsikiliza unajisikia una mtu." Akamkagua Mzee Foleni toka sikio hadi sikio. "Wewe sikufichi, baba, sura unayo. Nywele zimekukaa. Lakini yule humfikii."

Mzee Foleni akamtazama kwa wivu ambao hakujua aupeleke wapi. Kisha akavipekua vibao vyake taratibu, akachagua kile chenye namba ya mwisho kabisa, akampa.